Vijiko Viwili Asubuhi, Viwili Jioni

Nyumba ya pili kutoka kiwanda cha mikate,
Ghorofa ya chini.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na watoto je, wamemaliza mitihani, au ndiyo kwanza wanatafuta kalamu?

Huku tu wazima. Baba ni mzima. Acha niliandike hilo tena katika mstari wake wenyewe, maana najua ndilo ulilokuwa ukilitafuta tangu ufungue bahasha.

Baba ni mzima kabisa.

Anakula, analala, anagombana na msomaji wa taarifa ya habari kana kwamba yule mtu anamsikia. Jana amenishonea pazia la jikoni bila kuombwa, na amelishona fupi. Anasema kosa ni la kitambaa. Sikumbishia.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Kila tukianza, mimi naeleza, wewe unalia, mimi napandisha sauti, wewe unakata. Halafu anakuja Shangazi Redio, anakaa kitini hata viatu hajavua, ananipa ujumbe wako: kwamba nimemlisha Baba sumu, kwamba utatuma tiketi, na kwamba Baba aondoke kwangu kabla hayajatokea makubwa. Shangazi yetu unamjua. Habari ikipita kwake hutoka imenenepa.

Basi naomba unisome mpaka mwisho. Baba abaki kwangu au aje kwako, hilo ndilo lililo mezani, na nisingependa liamuliwe na Redio. Nitakueleza yote yalivyokuwa, hata yale ambayo hayanipendezi, kisha uamue ukiwa na habari nzima mkononi.

Kilianza kikohozi. Kile kikavu cha kukwaruza, ambacho Baba hukipata hewa ikibadilika na ambacho haruhusu mtu akitaje. Nikimwambia twende hospitali, ananiuliza kama nimewahi kuona mtu amekohoa njiani akaanguka. Nilimnunulia dawa ya maji dukani, akainywa ikaisha, kikohozi kikabaki palepale. Nikanunua nyingine, nikaiweka kwenye rafu ya jikoni, karibu na chumvi. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo inayotoka kazini kwangu.

Shangazi amekuambia nilikuja nayo kwa siri kwenye mkoba. Hapo ametia chumvi. Maabara yetu iligawa chupa kwa watu wote wa mtaa huu wenye vitalu vya kabichi nyuma ya nyumba, tupate kujua kama inafanya kazi nje ya kuta zetu. Bwana shamba alipita mlango kwa mlango akiandikisha. Baba akajiandikisha mwenyewe, na akakataa katakata kusema kuwa ni baba yangu, eti asionekane amependelewa. Niliporudi kazini nikaikuta chupa jikoni. Nikamwambia aiweke stoo ya nje. Akasema, "Ndiyo, Mama." Wewe unaijua ile "ndiyo, Mama" ya Baba inavyofanya kazi.

Sasa nikueleze kilichokuwamo. Umekuwa ukiniuliza miaka yote ninafanya nini hasa huko maabara, nami nimekuwa nikikujibu kwa maneno marefu ili usiulize tena. Leo nitajaribu kusema vizuri.

Kuna bakteria wa kawaida kabisa anayeishi kwenye udongo. Pengine yumo hata kwenye chungu chako cha maua. Bakteria huyu hutengeneza protini, punje ndogo mno, ngumu kama chembe za chumvi. Mtu akizila hazimfanyi kitu. Tumbo letu ni chachu kama ndimu, na linazivunjavunja kama linavyovunja maharage. Lakini tumbo la kiwavi si chachu. Maji ya tumbo lake yanafanana zaidi na maji ya sabuni, na humo punje zile huyeyuka, protini ikakatwa vipande, kisha ikajishika kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi anaacha kula mapema sana, na baadaye anakufa. Wakulima wamekitumia kitu hiki tangu sisi hatujazaliwa, na kuku akimdonoa kiwavi aliyekufa hapati hata kiungulia.

Tatizo ni kwamba viwavi wa kabichi wameizoea. Nilimweleza Baba kwa lugha ya ufundi wake, maana kwake kila jambo lazima lipite kwenye cherehani ndipo lieleweke. Nikamwambia protini ni kifungo, na ukuta wa utumbo wa kiwavi una tundu la kifungo. Viwavi waliobaki hai ni wale waliozaliwa na tundu lililoshonwa. Kifungo hakiingii, nao wanakula kabichi mpaka wanabaki wameketi juu ya mshipa wa jani. Kazi yangu mimi, kwa miaka hii yote, imekuwa kuibadilisha ile protini isilihitaji tundu lile. Tumekata kipande kidogo mwanzoni mwake. Sasa inaruka hatua moja na kwenda moja kwa moja kwenye kutoboa.

Baba alisikiliza, akatia uzi kwenye sindano, akasema, "Kwa hiyo mmeng'oa kifungo mkatia zipu."

Ndiyo, Dada, tumetia zipu. Nilicheka sana siku ile, na nikaenda kuwasimulia wenzangu kazini.

Yapo mengine mawili unayopaswa kuyajua, la sivyo utadhani Baba amechanganyikiwa. Kwanza, kiwavi ni mchaguzi kuliko mtoto mezani. Akihisi ladha ngeni kwenye jani, anahama. Kwa hiyo tunachanganya na molasi tamu ya miwa ili apende. Pili ni kibandiko cha chupa. Tulikaa kikao kizima kutafuta neno la kuandika. Profesa, mkuu wetu, hakutaka neno sumu, akasema wengine wataogopa na wengine wataitafuta kwa sababu mbaya. Majina ya vitabuni hayajulikani na mtu yeyote nje ya vitabu. Basi tukachukua neno ambalo kila mtu hulitumia akipulizia kabichi, mbu au mende. Tukaandika DAWA, kwa herufi kubwa. Chini yake: Tikisa kwanza. Vijiko viwili asubuhi, vijiko viwili jioni. Nyuma ya chupa, kwa herufi za sisimizi, ikaelezwa kwamba vijiko hivyo hutiwa kwenye ndoo ya maji na kunyunyiziwa majani. Hakuna aliyeshtuka kwenye kikao kile, mimi nikiwemo. Sote tulikuwa tunafikiria kabichi.

Baba alikuwa anafikiria kikohozi, na miwani yake ilikuwa kwenye meza ya cherehani. Akaona chupa ya kahawia, neno dawa, tikisa, vijiko viwili. Nikuulize wewe, ungefanyaje? Akatikisa, akanywa. Ilikuwa tamu. Akaendelea asubuhi na jioni kama mgonjwa mtiifu, yeye ambaye hajawahi kumaliza dozi tangu azaliwe, na kikohozi kikaondoka.

Unaliona balaa? Kikohozi kikaondoka!

Mimi nilikuwa nimeshasahau. Nilisikia nyumba imetulia, nikashukuru Mungu na lile duka la dawa. Nilikuja kujua kwa sababu ya Kingi, yule mwenzake wa drafti. Alinisimamisha nje ya kiwanda cha mikate nikiwa na mikate mkononi.

"Mwanangu, ile dawa yenu ni kiboko," akaniambia. "Mzee mwenzangu alikuwa anakohoa kama pikipiki mbovu, sasa kimya. Nami kifua kinanibana. Nifanyie mpango wa chupa moja."

"Dawa gani, Mzee?"

"Si hiyo ya kazini kwako. Hiyo tamu. Kanionjesha kijiko."

Mikate iliniponyoka. Sikumbuki niliaga au sikuaga. Nilimkuta Baba kwenye cherehani yake, anapiga mluzi, chupa tupu iko dirishani na amechomeka penseli zake humo.

"Baba, hii umeinywa?"

"Nimeimaliza," akasema kwa fahari. "Na hongera. Ile ya dukani ilikuwa uchungu mtupu."

Tukaenda hospitali mchana ule ule. Nilimpitia na Kingi, akaja na ubao wa drafti kwapani, kwa kuwa alisema hospitali hujui utakaa muda gani. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, macho yamemwiva kwa usingizi, lakini mtu wa maswali yaliyonyooka. Akauliza Baba amekunywa nini.

"Dawa," Baba akajibu.

"Dawa gani?"

"Ya kikohozi."

"Si ya kikohozi," nikadakia. "Ni ya viwavi."

Akaandika huku akitamka, "Dawa ya minyoo."

"Hapana, si minyoo. Viwavi wa kabichi."

Kalamu ikasimama. "Yaani sumu."

"Si sumu. Yaani, ni sumu kwa kiwavi."

"Dada yangu, mimi sitibu viwavi," akasema. "Kwa huyu mzee aliyekaa hapa, ni sumu au si sumu? Nipe neno moja nijue pa kuanzia."

Na hapo, Dada, nilikwama.

Jibu nilikuwa nalo. Nimelitoa mbele ya wakulima na mbele ya wakaguzi, kwa sauti ile ile ya mtu anayesema karibuni chai: haina madhara kwa binadamu. Panya wetu wa maabara walishapewa kipimo kikubwa kuliko alichokunywa Baba, wakanenepa, wakazaa. Ripoti yake niliiandika mimi. Lakini nilikuwa nikiliangalia tumbo la Baba chini ya shati alilojishonea, na kichwani kwangu kulikuwa na kile kipande tulichokata. Bakteria yule amekuwa na hatua ile tangu kabla hakujawa na watu, nami nikaiondoa kwa mikono yangu, kwa sababu nzuri, na ilipofanya kazi tukapeana mikono. Binadamu wa kwenye ripoti hana uso. Huyu alikuwa baba yangu, na alikuwa anamuuliza nesi kama chai ya hapo huwa na sukari.

Nikamwambia daktari, "Nadhani si sumu."

Nadhani! Kijana wa maabara akiniletea ripoti yenye neno nadhani namrudishia siku hiyo hiyo. Daktari hakunicheka. Aliomba namba ya Profesa, wakazungumza kwa muda, akachukua damu, akasema kinachomtia wasiwasi zaidi ni ile sabuni kidogo tunayotia ili dawa isambae kwenye jani. Akaamua Baba alazwe kwa uangalizi kwa kuwa ni mtu mzima. Kingi akaruhusiwa kwenda nyumbani, akakataa kuondoka kabla ya kumaliza mchezo.

Niliketi pembeni ya kitanda mchana mzima uliofuata. Nilijaribu kukumbuka kila jaribio tulilofanya, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa sawa, na hakuna lililonituliza. Nilijua kila kitu na sikuamini hata kimoja. Kila alipojigeuza, niliinuka kitini. Kila alipoinamisha kichwa, nilitazama kama kifua kinapanda. Yeye, wala hana habari. Mpaka jioni inaingia, wodi nzima ilikuwa imejulishwa kwamba binti yake mdogo ametengeneza dawa ya kikohozi inayoua hata viwavi, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa ameshaniomba chupa.

Majibu yalikuja safi. Ini zima, figo nzima, tumbo halina neno. Daktari akamweleza Baba kwamba kikohozi kilikuwa kimefika siku zake za kuondoka, na molasi ililituliza koo. Baba akamshukuru kwa adabu zote, na nje ya mlango akaniambia yule binti bado mdogo, atajifunza.

Hiyo ndiyo sumu niliyomlisha. Ukitaka kuhakikisha, daktari nimemwomba akuandikie mwenyewe, na amekubali.

Lakini sikuandikii ili nikuambie tu kwamba nilikuwa sahihi. Nimefikiri sana tangu siku ile, na sina mwingine wa kumwambia, kwa sababu wenzangu kazini wanalichukulia jambo hili kama kichekesho, na Baba analichukulia kama ushindi.

Niliporudi maabara niliendelea na kazi yangu ya kila asubuhi. Tuna vibakuli vya plastiki, kila kimoja kina kipande cha jani la kabichi kilichopakwa protini, na juu yake kiwavi. Nafungua kifuniko, namgusa kiwavi kwa brashi ndogo ya kupakia rangi. Akijikunja, yu hai. Asipojikunja, naweka alama. Miaka yote hiyo, kiwavi asiyejikunja amekuwa furaha yangu. Asubuhi ile nilimgusa wa kwanza, hakujikunja, nikabaki nimeishika brashi hewani kama mtu aliyeitwa jina asijue nani kamwita. Sikumwonea huruma kiwavi, usinielewe vibaya, wale ni waharibifu wakubwa. Niliogopa tu kidogo, kwa mara ya kwanza, kwamba kitu hiki kinafanya kweli.

Najua ungependa niseme nimeiacha kazi. Sijaiacha na siiachi. Jirani wetu wa upande wa kushoto hupulizia kabichi zake kitu kikali kinachomtoa machozi. Anashika pampu kwa mikono mitupu, ananawa bombani, kisha anampakata mjukuu wake. Hicho nacho kinaitwa dawa. Ninachotengeneza mimi ni cha kumtoa huyo mama kwenye hiyo pampu, na nitaendelea kukitengeneza. Ila neno salama nilikuwa nalitamka kwa urahisi mno. Siku hizi mkulima akiniuliza kama ni salama, namweleza tulichopima, namweleza na ambacho bado hatujapima, na nasema polepole. Profesa anasema nawachosha watu. Acha wachoke.

Chupa zote zimekusanywa mtaani, na tumekaa kikao kingine cha kibandiko. Ungekuwepo ungecheka. Mtu mmoja akapendekeza tuondoe maneno, tuchore kiwavi aliyelala chali. Bwana shamba akasema wakiona picha ya mdudu mrefu kwenye chupa, watawapa watoto kwa ajili ya minyoo. Mwingine akasema tuandike Chakula cha Viwavi, maana ndivyo kilivyo hasa, na mhasibu akauliza ni nani duniani atanunua chakula cha viwavi. Mwishowe tumekubaliana hivi: kopo pana badala ya chupa, rangi ya bluu, na kitu kichungu ndani yake, kama viwavi watauvumilia uchungu huo, bado tunawajaribu. Na maneno ni SUMU YA VIWAVI, SI YA KUNYWA. Neno sumu nililipendekeza mimi. Umekuwa ukiniita mtengeneza sumu tangu siku ya kwanza ya kazi, nami nikinuna. Haya, sasa limechapishwa, furahi.

Tuje kwenye tiketi.

Shangazi alipoleta ujumbe wako, Baba alikuwepo. Redio haipunguzi sauti kwa ajili ya mtu yeyote. Alisikia kila neno: atolewe, aletwe, asibaki hapa. Akaingia chumbani kwake, na cherehani haikulia jioni yote. Shangazi alipoondoka, Baba akatoka, akasimama mlangoni akaniuliza, "Kwani mimi nimekuwa chupa, nikusanywe?"

Nilifurahi, Dada. Sitakuficha. Nilijua hapo kwamba hataki kuondoka, na kwamba wewe umeshindwa na mimi nimeshinda. Nikaanza kuipanga barua hii kichwani, majibu ya hospitali, kibandiko, daktari, kila kitu kwa mpangilio wake ili usiwe na pa kuingilia. Yote uliyoyasoma mpaka hapa nilikuwa nimeyatayarisha kwa ajili hiyo. Lilikuwa limebaki neno la Baba mwenyewe tu, nikamwendea nilipate, niliandike kama alivyolisema.

"Baba, niandike kwamba unataka kubaki?"

Akalizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, bila kitambaa.

"Andika sina tatizo hapa."

"Sikuuliza hivyo."

"Dada yako hajaniita," akasema. "Miaka yote. Ananitumia sweta, ananitumia picha za watoto. Hajasema hata siku moja, Baba njoo. Mimi nikasema labda nafasi ni ndogo, labda mumewe hapendi, nisijipeleke. Nikasubiri. Sasa ndiyo tiketi inakuja, na hata hakuniambia mimi. Kamwambia Shangazi akwambie wewe unitoe."

Nikakaa juu ya mafungu ya vitambaa vyake. Nilidhani amekasirika kwa sababu unamtoa kwangu. Kumbe alikuwa ameumia kwa sababu hukumwita. Nilipomuuliza Kingi, akaniambia bila hata kuinua macho kwenye ubao kwamba Baba alishakwenda kwa wakala wa ndege, zamani, akauliza kama cherehani hupimwa na mizigo au mtu anaruhusiwa kuipakata.

Miaka yote amekaa nami, Dada, na hilo sikulijua. Nilikuwa nampikia, namfulia, namnunulia dawa, nikidhani nimemaliza kumjua. Imeniuma. Bado inaniuma hata ninapoandika, na ukikuta mahali wino umetawanyika, si chai.

Kwa hiyo nimejaza kurasa zote hizi kukuthibitishia kwamba Baba yuko salama kwangu, na ni kweli yuko salama, na sasa nakuomba umchukue. Nyumba itanishinda bila yeye, hilo nalijua. Lakini usimchukue kama mtu anayeokolewa. Mpigie yeye mwenyewe, kwenye simu yake, usipitie kwangu wala kwa Shangazi. Usitaje sumu, usitaje dawa, wala mimi usinitaje. Mwambie tu, "Baba, njoo." Atajifanya anafikiri. Atakuambia ana nguo za watu hazijaisha. Hana nguo ya mtu yeyote, Dada. Nimeangalia.

Nisalimie Shemeji, nisalimie watoto wote kuanzia mkubwa mpaka yule mwenye mwanya, na mama mkwe wako pia. Shangazi anakusalimu, ingawa hajui ninachokiandika na anakufa kwa hamu ya kujua. Kingi naye anakusalimu. Mungu akuongoze ukienda kazini na ukirudi, akuponye mgongo, na akulainishie ulimi siku utakayopiga hiyo simu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Kitindamimba.